Jina na Siku kwenye Foni

Nianze na ukweli: kazi hii nimeifanya kwa woga. Miaka ishirini na sita nimekaa katika ofisi ya ushauri ya lise, yaani sekondari yetu ya wasichana hapa Kasongo, na sikumbuki hata mwaka mmoja nilioumaliza bila hofu. Niliogopa wazazi, niliogopa mvua juu ya vyeti, niliogopa barabara, na zaidi ya yote niliogopa mdomo wangu mwenyewe. Wenzangu wakistaafu huandika vyeo walivyopanda na wakubwa waliowapa mkono. Mimi nawaandikia ninyi mlioachiwa meza yangu, hasa wewe Aziza, uliyeketi juzi kwenye kile kiti changu kibovu ukajaribu kutabasamu. Kuna mambo ambayo hayamo katika karatasi za wizara. Na kuna jambo moja nililolificha miaka tisa, nalo nitalifikia, ila nipeni nafasi nizunguke kwanza.

Sikuiomba kazi hii. Nilikuwa mwalimu wa biolojia, mikono imejaa chaki, siku Mama Prefe, mkuu wetu wa shule wa wakati ule, aliponiita barazani akaniambia kwamba mshauri amehamia Bukavu na kwamba kuanzia kesho mshauri ni mimi. Nikamjibu kwamba kazi ya ushauri siijui. Akasema hata aliyeondoka hakuijua. Ofisi yenyewe ilikuwa stoo ya michezo: meza yenye mguu mmoja mfupi, sanduku la chuma la kuwekea karatasi, viti viwili, na mpira usio na upepo ambao hakuna aliyethubutu kuutupa. Kazi ilikuwa kumsaidia kila msichana kuchagua masomo yake ya mwisho, na baada ya mtihani wa taifa kumwandalia dosie, yaani faili la vyeti na barua, ili apate nafasi katika chuo cha Kindu, Bukavu au kwingineko. Halafu ilibaki kuwashawishi wazazi wamwache aende, na hapo ndipo jasho lilipotoka.

Msichana wa kwanza kuketi mbele yangu aliniuliza mtu asome nini ili akaishi mbali na baba yake mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya hesabu na kemia. Nikamwambia arudi kesho. Akarudi, tukafungua ramani ya ukutani tukatafuta chuo kilicho mbali ambacho alama zake zingekifikia. Leo ni mwalimu huko Kisangani, na baba mdogo yuko palepale alipomwacha.

Mwaka wa pili alikuja baba mmoja kutoka Lusangi, mchimbaji wa dhahabu, ameshika panga. Binti yake nilikuwa nimemwandikisha uuguzi bila kumuuliza mzazi, nikasadiki kwamba siku yangu imefika. Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa sanduku la chuma. Yule baba akaliweka panga chini ya kiti, kama mtu anavyoweka mwavuli, akaniuliza kwa upole kama wanafunzi wa uuguzi wanapewa ruhusa ya kwenda kuswali Ijumaa. Panga alilibeba kwa ajili ya kufyeka njia tu. Tulielewana vizuri kabisa, ila binti mwenyewe alizimia siku ya kwanza alipoona damu, na sasa anauza vitambaa sokoni. Kila nikipita ananipunguzia bei na kunicheka.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Ramazani, katibu wa shule. Alikuwa wa zile familia za Kiislamu za zamani hapa mjini, mtu wa kofia nyeupe na mwandiko mzuri, na alikuwa hapendi habari njema. Sitanii. Ukimletea habari mbaya aliipokea vizuri, akakuuliza jina na tarehe, akaandika. Ukimletea habari njema alikunja uso na kufunga mlango. Siku moja nilimuuliza kwa nini. Akasema hakuna anayefunga barabara kwa ajili ya mtoto aliyefeli.

Mambo yake mengi bado nayafuata, nanyi yafuateni. Cheti halisi hakisafiri isipokuwa mwenyewe anasafiri nacho. Dosie hufungwa kwanza kwa plastiki, kisha kwa kitenge, kwa maana plastiki peke yake inatoa jasho na wino unatambaa. Muhuri uguse picha na karatasi pia, nusu kwa nusu. Mzazi apewe kiti kabla salamu hazijaisha, kwa kuwa akiachwa amesimama ameshaanza kukataa. Lakini sheria yake kubwa ilihusu foni.

Ninyi mmezaliwa na simu, kwa hiyo nieleze. Foni ilikuwa redio ya mawasiliano, chombo kimoja katika chumba kidogo karibu na soko, na betri yake inachajiwa kwa jua. Kabambare walikuwa nayo nyingine. Unaketi, unabonyeza, unasema, unaachia, unamngoja mwenzio. Wanaongojea zamu wanakaa kwenye benchi nje ya dirisha na wanasikia kila neno, na upande wa pili kuna benchi kama hilo na masikio kama hayo. Tena yeyote mwenye chombo cha namna hiyo, popote alipo porini, akifungua kwenye mkondo huo anasikia pia. Na porini wakati ule walikuwepo watu wenye bunduki, waliojua kwamba msichana anayekwenda chuoni hasafiri mikono mitupu, na kwamba familia yake itajikamua ili kumkomboa.

Basi Papa Ramazani alikuwa na sheria: kwa foni hatutaji jina la mtoto na hatutaji siku ya safari. Kabla ya likizo kubwa kila mhitimu alikuja kwake na kuchagua sentensi yake, ambayo wangeijua yeye, wazazi wake na sisi wa ofisini tu. Papa Ramazani aliiandika katika daftari lenye jalada la kijani. Sentensi hiyo ikisikika kwenye foni, maana yake ni njoo shuleni upesi na karatasi zako, usingoje. Wasichana walilipenda jambo hilo, wakatunga vichekesho: mbuzi wa fundi amezaa mapacha, jino la shangazi limetulia, cherehani imepona. Sentensi ikishatumika aliitia alama ya wino mwekundu. Miaka yote niliyofanya kazi naye hakuna msichana wetu aliyezuiwa njiani kwa sababu ya ujumbe wetu.

Sasa nifike kwa Zuhura. Alikuwa binti wa mkulima wa Wamaza, kijiji cha upande wa Kabambare, mfupi, mkimya, na mwenye tabia ya kuosha ubao hata kama si zamu yake. Kwa biolojia sijafundisha mwingine kama yeye. Alitaka udaktari, na hakuficha. Mwaka wake matokeo yalitoka wakati yuko nyumbani akisaidia kuvuna karanga, kwa hiyo hata poda hatukummwagia. Mnajua vile mhitimu akifaulu anamwagiwa poda nyeupe kichwani mpaka anafanana na mwokaji mikate. Kopo la Zuhura alilinunua Masere Anjela, mtawa wetu wa maktaba, akaliweka kwenye rafu akisubiri arudi.

Ijumaa moja alasiri ikafika barua kutoka chuo kimoja cha udaktari. Mjumbe wao angekuja Kasongo Alhamisi inayofuata, siku mbili tu, kuwahoji wasichana wa kusini mwa Maniema, na kulikuwa na nafasi moja ya kusomeshwa bure mpaka mwisho. Aje mwenyewe, na vyeti halisi. Baba yake Zuhura asingeweza kumsomesha udaktari hata angeuza shamba lote. Nafasi ilikuwa hiyo au hakuna. Mnara wa simu wa Kabambare ulikuwa umekufa tangu miezi mingi, na betri ya foni ingefika jioni kwa shida.

Papa Ramazani hakuwepo. Alikuwa Kindu kutibiwa macho, na daftari la kijani lilikuwa kwenye droo yake ya kulia, imefungwa, ufunguo mfukoni mwake. Niliivuta ile droo, nikaitikisa, nikajaribu kisu cha barua mpaka kikapinda. Kumbukumbu yangu ilinipa neno moja tu, shangazi. Lakini mwaka ule wasichana watatu walikuwa wamechagua shangazi, maana shangazi mmoja wa mjini alikuwa kichekesho cha darasa. Nikaogopa kwamba nikikosea sentensi atakuja mwingine, Zuhura abaki Wamaza na karanga zake. Nilikwenda foni mbio.

Nilimwambia yule mtu wa foni wa Kabambare hivi: Zuhura binti Juma wa Wamaza amepata nafasi ya udaktari, aondoke Jumatatu asubuhi, aje Kasongo na karatasi zake zote. Mawimbi yalikuwa mabaya. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena, na mara ya tatu nilitumia sauti yangu ya darasani, ile ya kumfikia msichana wa benchi la nyuma anayesinzia. Akasema amepata yote, kuna pikipiki itapeleka habari. Nilipotoka, watu wa kwenye benchi walinipigia makofi, na mama mmoja akapiga vigelegele. Nami nikacheka nao. Nilikwenda nyumbani nikala vizuri, na kwa wiki nzima iliyofuata huo ndio mlo wa mwisho nilioufurahia.

Jumamosi asubuhi muuza chumvi sokoni, mtu nisiyemjua hata jina, alinipongeza kwa mtoto wa Wamaza. Akaniuliza kama ni kweli anafika kwa safari ya Jumatatu. Niliketi juu ya gunia lake bila kuomba ruhusa. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya: nilikuwa nimetangaza jina, kijiji, siku na mzigo, mara tatu, kwa sauti safi.

Nikarudi foni. Kabambare hawakujibu Jumamosi, hawakujibu Jumapili. Na hata wangejibu ningesema nini? Nikisema asije, nafasi imekwenda. Nikisema abadili siku, waliosikia siku ya kwanza wangesikia na ya pili. Jumatatu asubuhi walijibu kwamba ujumbe ulishapelekwa na kwamba mwendesha pikipiki aliyeuchukua ni Saidi. Saidi nilimjua. Alikuwa mtu wa hapa Kasongo, mpole, mwenye pikipiki nyekundu yenye utepe kwenye tangi, na mke wake, Mama Mariamu, aliuza mikate ya kukaanga mbele ya lango letu.

Jumatatu hawakufika. Nilijiambia ni barabara. Jumanne hawakufika. Nilisimama pale njia ya Kabambare inapoingia mjini, nikamuuliza kila aliyeshuka kwenye pikipiki mwenye vumbi mpaka kope. Jumatano adhuhuri mmoja aliyekuja kununua mikate pale langoni alisema ameona pikipiki nyekundu imelazwa kando ya njia, ina utepe, haina mtu. Alisema hayo mbele ya Mama Mariamu. Mimi nilikuwa nimesimama hapo, sarafu mkononi. Mama Mariamu hakulia. Alifunika beseni lake kwa kitambaa, akalitia kichwani, akaenda nyumbani. Sikuweza kumtazama. Niliogopa kwamba akiniona uso atajua, na hofu hiyo ilinikaa mwilini kama homa.

Alhamisi mjumbe akafika, mtu mkavu, mwenye saa kubwa. Aliwahoji wasichana wanne. Alipomaliza nilimwomba angoje wa tano. Akasema barabara ni ya watu wote na hao wanne wameweza kufika. Sikubishana. Nilimletea chai, nikamwonyesha bustani ya mimea ya somo la biolojia, jani kwa jani, nikamwomba anisahihishie mitihani ya zamani. Nadhani aliniona mwehu. Ijumaa asubuhi alikuwa anafunga mkoba wake nilipoona kundi la akina mama wabeba karanga linaingia uani. Katikati yao alikuwemo mmoja mfupi, miguu mitupu, na mtoto mgongoni.

Alikuwa Zuhura. Mtoto wake hakulia wala hakusogea. Alifungua kitenge mbele yetu, ndani yake kulikuwa na plastiki, na ndani ya plastiki vyeti vyake vyote, vikavu. Alikunywa maji vikombe vitatu, ndipo akaeleza. Siku ya kwanza, mchana, walikuta mti umelazwa njiani na watu wenye bunduki. Waliuliza Zuhura wa Wamaza yuko wapi. Saidi akajibu kwamba hamjui, kwamba huyu ni mke wake na mtoto ana surua, wanampeleka hospitali. Mmoja alitaka kufunua kitenge, Saidi akamwambia afunue tu kama yeye ameshawahi kuugua surua. Yule mtu akarudisha mkono. Zuhura wakamwacha apite kwa miguu. Saidi na pikipiki wakabaki nao. Alitembea bila kugeuka, kama Saidi alivyomwagiza, mpaka akawakuta wale mama wa karanga wakamchukua katikati yao.

Kisha akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Madamu, walikuwa wanajua jina yangu."

Nikamjibu kwamba watu wanasema mengi, njia zina masikio. Nilimpa pole, nikampangusa vumbi usoni, nikamwongoza kwa mjumbe. Ndivyo nilivyodanganya. Hata neno moja halikuwa la uongo, na bado ulikuwa uongo. Nafasi aliipata. Masere Anjela alikuja na kopo lake la poda, Zuhura akakishika kile kifuniko kabla hakijafunguka, akasema poda ingoje mpaka Papa Saidi arudi.

Saidi alirudi baada ya siku kumi na moja, kwa miguu, Zuhura ameshaondoka na mjumbe. Walikuwa wamemvunja mkono wa kushoto walipogundua hakuna surua wala mke, na mfupa ulikuwa umeshika vibaya. Usukani haushiki tena. Tangu hapo anaziba mipira ya baiskeli mbele ya nyumba yake, akibana gurudumu kwa magoti. Nilikwenda kumwona na sukari na sabuni, tukaongea juu ya barabara, juu ya serikali, juu ya mfupa. Nilipofika kwenye maneno niliyokuja kuyasema, nilisimama nikaaga.

Papa Ramazani aliporudi kutoka Kindu alifungua droo, akapitisha kidole kwenye kurasa, akafika kwa Zuhura. Hapakuwa na alama nyekundu. Aliinua macho yake yaliyotibiwa, akanitazama, akafunga daftari. Alifariki miaka miwili baadaye, akaniachia daftari na ufunguo, na aibu yangu ni kwamba kwenye maziko yake sehemu ya moyo wangu ilipumua, kwa kufikiri siri imezikwa naye.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi kwa uangalifu wa kupita kiasi. Simu zilienea, foni ikafungwa, na sentensi za daftari sikuziacha. Walimu vijana walinicheka, wakasema siku hizi kuna vikundi vya WhatsApp. Aziza, kikundi cha WhatsApp ni benchi lilelile la nje ya dirisha, refu zaidi tu. Sauti uliyomtumia mzazi mmoja asubuhi, mchana inasikilizwa na mtu usiyemjua. Ukimtangaza mtoto kwa furaha, kwanza jiulize nani mwingine anafurahi.

Na kila asubuhi ya shule, kwa miaka tisa, nilinunua mikate kwa Mama Mariamu. Mitano, na yeye aliongeza wa sita. Nilidhani ananiongezea kwa kuwa mimi ni mteja wa kila siku. Nilikuwa nainunua kwa hofu, naila kwa hofu, na siku ambazo hakuja langoni nilijiuliza ni nani amemwambia. Zuhura amekuwa daktari, anatibu huko Kabambare. Akija Kasongo hupita kwa Saidi kwanza, kisha kwangu. Kila mara akibisha mlango nilifikiri leo ndiyo leo.

Wiki iliyopita, siku niliyokabidhi ofisi, nilinunua mikate yangu ya mwisho, nikamwomba Mama Mariamu niende kwao jioni kumwona mumewe. Akasema karibu, atapika chai. Nilienda kabla jua halijashuka. Saidi alikuwa anaziba mpira. Nilikaa kwenye kigoda, nikasema yote kwa pumzi moja: foni, droo, jina, siku, mara tatu. Niliyasema nikitazama chini kama mwanafunzi, mimi mwanamke wa miaka sitini na tatu.

Saidi hakuacha kukwaruza mpira. "Madamu," akasema, "ile siku mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi ya foni kule Kabambare, nangojea mutu wa kubeba. Nilisikia sauti yako, mara zote tatu. Ni mimi njo nilipeleka habari Wamaza. Wewe ulifikiri ni nani?"

Pikipiki itapeleka habari: nilikuwa nimeambiwa na mtu wa foni mwenyewe, nikatajiwa na jina la Saidi, na miaka tisa sikuwahi kuunganisha. Nilikuwa nimeficha jambo ambalo kosa lake lote lilikuwa kwamba kila mtu alilisikia. Saidi akaeleza taratibu kwamba alijua wale wa porini nao wamesikia, ndiyo maana njiani alimwambia Zuhura afunge dosie mgongoni kama mtoto. Nikamuuliza kwa nini basi alikubali kumbeba siku ileile. Akasema siku yoyote wangengoja, na mjumbe hangengoja.

Mama Mariamu akaweka chai mbele yangu. "Zuhura naye alijua," akasema. "Wote tulijua. Tulikuwa tunangoja wewe useme. Mi nilikuwa nakuongezea mukate, nasema labda leo."

Nililia, sitaficha na hilo. Hakuna aliyenibembeleza, na hakuna aliyenifukuza. Saidi aliweka gurudumu chini, akaniuliza sentensi ya Zuhura ilikuwa gani, ile niliyoikosa. Nilikuwa nimeisoma mara nyingi sana daftarini tangu siku ile, haina alama nyekundu mpaka leo. Nikamwambia.

"Kikapu ya shangazi imepatikana," akarudia polepole, akihesabu maneno kwa vidole vya mkono wake mzima. Yalikuwa manne, bila jina wala siku. Akakitazama kidole kimoja kilichobaki, kisha akarudi kwenye mpira wake.

Aziza, daftari la kijani liko kwenye ile droo ya kulia ya Papa Ramazani. Kufuli nimeling'oa mwenyewe.